Ubao Unaoliza Gitaa: Kisa cha Mti wa Sprusi na Watu Ambao Majina Yao Hayaandikwi

Wadau, kila tukizungumzia magitaa tunataja wapigaji tu. Fulani alikuwa na vidole, fulani solo yake ilitoa watu machozi, fulani rizimu yake mpaka leo haijapata mrithi. Sawa kabisa, wanastahili. Ila nyuma ya zile sauti kuna watu hakuna anayewataja: aliyeuchagua mti msituni, aliyelipasua gogo kwa kabari, aliyeugonga ubao kwa kidole, akategesha sikio, akasema huu unafaa, ule tupa kule. Leo tuwape nafasi hao. Na kwa kuwa majina yao hayakuandikwa popote, tutaufuata mti wenyewe.

Mti huo ni sprusi. Ni ndugu wa msonobari, wa nchi za baridi, majani yake kama sindano. Chukua gitaa kavu, lile wazee wetu waliloliita galatoni, utazame uso wake wa mbele penye tundu. Ukiona rangi ya maziwa au ya asali na mistari myembamba iliyonyooka toka juu mpaka chini, basi uwezekano mkubwa unatazama sprusi. Magitaa mengi mazuri ya dunia yana uso huo. Mgongo na mbavu hubadilika kila siku, mara mahogani, mara rozwudi, mara mpingo wetu. Uso haubadiliki sana. Swali ni kwa nini.

KAZI YA UBAO

Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kiasi cha kilo 70 au zaidi. Mvuto wote huo unaishia kwenye ubao wenye unene wa milimita 3 hivi, wakati mwingine pungufu. Ubao mgumu na mzito utavumilia mvuto, lakini hautatikisika, na gitaa litakuwa bubu. Ubao mwepesi na laini utatikisika vizuri sana mwezi wa kwanza, halafu utavimba tumbo na daraja litang'oka. Kinachotakiwa ni vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai nyumba moja: ukakamavu na wepesi.

Sprusi inavyo vyote viwili. Mita moja ya ujazo ya mbao yake kavu ina uzito wa kilo 400 hivi, yaani chini ya nusu ya uzito wa maji. Pamoja na wepesi huo, ukiipima kwa urefu wa nyuzinyuzi zake ni kakamavu kuliko kwa upana kwa zaidi ya mara kumi. Sauti inakimbia ndani yake kwa kasi ya kama mita 5,000 kwa sekunde, wakati kwenye hewa inajikongoja kwa mita 340 tu. Ndiyo maana ukigusa uzi, ubao mzima unaitika papo hapo.

Hesabu hizi ni za watu wa maabara wa juzi juzi. Mafundi walijua jambo hilohilo kabla ya maabara, kwa vidole na masikio.

MILIMA YA ULAYA

Huko kaskazini mwa Italia kuna msitu wa Paneveggio, kwenye milima ya Trentino. Wenyeji wanauita msitu wa fidla, na masimulizi ya siku nyingi yanasema hata Antonio Stradivari wa Cremona, yule fundi wa fidla aliyefariki mwaka 1737, alipata mbao zake huko. Jina la Stradivari kila mtu analijua. Mkata miti aliyemshushia magogo kutoka mlimani hakuna anayemjua.

Wakata miti wale walikuwa na kanuni zao. Mti ukatwe majira ya baridi, wakati umelala na maji ndani yake ni kidogo. Uwe umekulia juu mlimani, mahali pa baridi na udongo haba, ili ukue polepole na pete zake za kila mwaka zikaribiane. Shina liwe limenyooka, halina matawi sehemu ya chini, maana kila tawi huacha jicho kwenye mbao, na jicho ni adui wa sauti. Kisha gogo linapasuliwa kwa kabari, siyo kwa msumeno kwanza. Kabari haidanganyi. Ikiwa mti ulikua huku unajisokota, ufa utajisokota pia, na fundi ataona kabla hajapoteza siku nzima.

Baada ya hapo vipande vinakatwa kuelekea kwenye kiini, kama mtu anavyokata keki ya mviringo. Vipande viwili vya jirani vinafunguliwa kama kurasa za kitabu na kugandishwa katikati. Ndiyo maana uso wa gitaa zuri una upande wa kushoto na wa kulia wanaofanana kama mapacha. Sasa piga hesabu: kila nusu ya gitaa kubwa inataka upana wa karibu sentimita 20 bila kiini na bila gome. Mti wenye kipenyo cha chini ya nusu mita haukufai. Na mti unaokua polepole hauufikii unene huo kwa umri wa mtu mmoja. Wanaozungumzwa hapa ni miti ya miaka 200, 300, na zaidi. Weka hilo akilini, tutalirudia.

FUNDI WA ALMERÍA NA GITAA LA MAKARATASI

Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres, mzaliwa wa Almería, alifanya kituko. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za makaratasi magumu, lakini uso akauweka wa sprusi nzuri, wenye mataruma membamba kwa ndani kama ya jahazi. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa inaamuliwa na uso. Gitaa hilo lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho ya muziki huko Barcelona.

Wabishi walikuwepo na wamebaki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichukua magitaa 6 yaliyofanana kila kitu, uso wa sprusi aina moja, isipokuwa mgongo na mbavu za mbao tofauti, za bei ghali na za bei rahisi. Wakawaita wapigaji 52, wakawavalisha miwani ya giza, wakawaambia wapige. Kwa kusikiliza tu, wapigaji hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Yaani kile Torres alichokisema kwa makaratasi kilipata nguvu miaka zaidi ya 150 baadaye. Anayelipia pesa nyingi mgongo kwa sababu ya rangi, alipie, rangi nayo ni raha. Ila kazi iko mbele.

SPRUSI INAVUKA BAHARI

Mwaka 1833 seremala mmoja wa mji wa Markneukirchen, Ujerumani, aliondoka kwao akaenda New York. Jina lake Christian Frederick Martin. Kwao kulikuwa na ugomvi: chama cha watengeneza fidla kilidai maseremala wasiruhusiwe kutengeneza magitaa, kwamba hiyo ni kazi yao. Martin akaona maisha yenyewe mafupi, akafunga virago. Mwaka 1839 alihamia Nazareth, Pennsylvania, na kampuni yake ipo huko hadi leo.

Kule Marekani mashariki mafundi walikuta sprusi nyingine, sprusi nyekundu, ambayo watu wa magitaa wanaiita Adirondack kwa jina la milima ya jimbo la New York. Ni kakamavu, inavumilia kupigwa kwa nguvu bila sauti kuchanganyikiwa. Magitaa ya Martin ya miaka ya 1930 yenye uso huo leo yanauzwa kwa bei ya gari, mengine kwa bei ya nyumba.

Lakini gitaa halikuwa mteja mkubwa wa mti huo. Mteja mkubwa alikuwa karatasi na ujenzi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 misitu ya sprusi nyekundu ilikatwa kwa fujo, moto ukamalizia yaliyobaki kwenye vilima vingi. Kufikia katikati ya miaka ya 1940, kupata gogo nene la kutosha uso wa gitaa ikawa shida. Hapo ndipo Martin walipohamia kwenye sprusi ya pwani ya magharibi, iitwayo Sitka. Mnaona mambo yanavyokwenda? Hakuna kikao kilichokaa kikaamua Sitka ina sauti tamu zaidi. Ile ya kwanza iliisha.

VITA NA ASKARI WA KUKATA MITI

Sasa twende magharibi. Sitka ni jina la mji wa Alaska, na mti wake unaota ukanda wa pwani ya Pasifiki kutoka Alaska, kupitia British Columbia ya Kanada, mpaka kaskazini ya California. Ni majitu. Unakuta mti una urefu wa zaidi ya mita 60, shina lake watu kadhaa wakishikana mikono ndio wanalizunguka.

Kabla ya kuwa mti wa gitaa ulikuwa mti wa ndege. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, ndege zilikuwa mifupa ya mbao iliyovishwa kitambaa, na mbao iliyotakiwa ilikuwa nyepesi na kakamavu. Sifa ni zilezile! Anga na muziki viligombea gogo moja.

Mwaka 1917 wakata miti wa kaskazini magharibi ya Marekani walikuwa kwenye mgomo. Walilala kwenye mabanda machafu, wakifanya kazi saa 10 kwa siku, na walitaka saa 8. Serikali iliyokuwa na haraka ya ndege ikaunda kikosi cha jeshi cha sprusi, kituo chake kikuu cha kazi kikiwa Vancouver katika jimbo la Washington. Askari karibu 30,000 walipelekwa msituni badala ya vitani, wakakata miti, wakaendesha kiwanda cha kupasua mbao, wakajenga reli. Reli moja kule rasi ya Olympic ilikamilika vita ikiwa imeshakwisha, haikubeba gogo hata moja kwa ajili ya ndege za vita. Leo watu wanatembea hapo kwa miguu, wanapiga picha. Na zile saa 8? Zilikubaliwa mwaka 1918. Waliogoma hawakusifiwa, wengi waliitwa wasaliti, lakini saa 8 zikabaki.

Katika Vita ya Pili mti huo uliitwa tena kazini, safari hii kwa ndege ya Mosquito ya Waingereza, ambayo ilikuwa ya mbao karibu yote. Kwa hiyo Martin walipoigeukia Sitka baada ya vita, barabara, viwanda na wapasuaji wenye ujuzi walikuwa tayari wapo. Mti wa gitaa la leo ulitayarishiwa njia na ndege za vita.

Na unajua wapigaji walisemaje? Wapo walionung'unika kwamba Sitka siyo kama ile ya zamani. Baadaye wakaizoea, ikawa ndiyo kipimo. Leo Sitka nzuri nayo inaadimika, watu wanaletewa sprusi ya Engelmann kutoka milima ya Rockies, wananung'unika kwamba siyo kama Sitka. Historia ya sprusi ni hiyo. Sikio linapenda lilichozoea, na huzoea kile msitu ulichobakiza.

MTI WA DHAHABU

Kuna kisa kimoja hakiwezi kurukwa. Kwenye visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, kando ya mto Yakoun, kulikuwa na mti mmoja wa Sitka wa ajabu. Majani yake hayakuwa ya kijani, yalikuwa ya rangi ya dhahabu. Ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Watu wa Haida wanauita Kiidk'yaas, na wanasimulia kwamba alikuwa kijana aliyekimbia na babu yake, akaonywa asigeuke nyuma, akageuka, akawa mti.

Januari 1997 mtu mmoja alivuka mto huo usiku kwa kuogelea, na msumeno wa mashine. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na makampuni ya mbao, akiwapimia misitu ya kukata. Roho ilimsuta, akageuka kuwa adui yao. Aliukata mti ule kwa ustadi, akaacha sehemu ndogo tu imeushikilia, akaondoka. Siku mbili baadaye upepo ukauangusha. Aliandika kwamba watu wanalilia mti mmoja huku misitu mizima inateketea mbele ya macho yao. Alitakiwa mahakamani. Akaondoka kwa mtumbwi mdogo kwenye bahari ya baridi, hakufika. Mabaki ya mtumbwi yaliokotwa, yeye hakuonekana tena.

Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini mti haukuwa wake. Ulikuwa wa Wahaida, kwao ulikuwa ni ndugu. Kuumiza watu ambao nao wameibiwa msitu ili kuwakomesha walioiba ni akili gani? Hilo ndilo linaloniuma kwenye kisa hiki.

Gogo lilibaki limelala miaka. Mwishowe Wahaida waliridhia kipande chake kitumike kwenye gitaa la kumbukumbu ya Kanada, lililotengenezwa kwa vipande vya vitu kutoka pande zote za nchi. Lilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai 2006 mjini Ottawa. Uso wake ni ule mti wa dhahabu.

SASA SISI TUNACHAGUAJE?

Mdau anayetaka kununua gitaa atauliza, haya yote yananisaidia nini dukani? Yanasaidia.

Kwanza, uliza kama uso ni ubao mmoja mzima au ni plaiwudi. Chungulia ukingo wa tundu: mistari ya juu ikiendelea kushuka mpaka chini ya ukingo, ni ubao mzima. Ukiona tabaka tabaka, ni plaiwudi. Siyo dhambi. Galatoni zenyewe zilipata jina kutokana na Gallotone ya Afrika Kusini, magitaa rahisi ya aina hiyo, na John Lennon alikuwa na moja la namna hiyo siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957. Kipaji hakikusubiri sprusi. Ila ubao mzima ukipigwa miaka mingi sauti yake hufunguka, wapigaji wengi wanashuhudia hivyo.

Pili, usidanganywe na wingi wa mistari peke yake. Wauzaji wanapenda kusema mistari ikibanana ndiyo bora. Wapo mafundi wakubwa wanaotumia ubao wenye mistari mipana na gitaa linalia vizuri. Angalia unyoofu. Kama unaona vimulimuli vya hariri vinavyokatiza mistari, hiyo ni dalili kwamba ubao ulikatwa kuelekea kiini kama inavyotakiwa.

Tatu, gonga. Shika kwa wepesi, gonga karibu na daraja kwa ncha ya kidole. Uso mzuri unajibu kwa sauti inayodumu kidogo. Mbovu unajibu kama boksi la viatu.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, uliza ubao umetoka wapi. Katikati ya miaka ya 2000 Greenpeace waliwakutanisha watengenezaji wakubwa wa magitaa Marekani kuzungumzia misitu ya kusini mashariki ya Alaska, maana kwa kasi ya ukataji ile, Sitka wazee walikuwa wanakwisha. Gitaa linatumia sehemu ndogo sana ya mbao hizo. Nyingi zilikwenda kwenye ujenzi, zikasafirishwa ng'ambo, zikawa milango na fremu. Mti wa miaka 300 unaishia kuwa fremu ya dirisha! Na wenye ardhi wengi ni wazawa wa huko, wenye haki yao na shida zao za pesa. Si rahisi kuwanyooshea kidole ukiwa mbali.

Oktoba 2018 dhoruba iliyoitwa Vaia iliangusha mamilioni ya miti kaskazini mashariki ya Italia kwa muda mfupi tu, Paneveggio ikiwemo. Hata msitu uliotunzwa vizuri unaweza kuondoka usiku mmoja, na wa kuurudishia hawajazaliwa.

Na sisi hatuko pembeni. Mpingo wetu, unaolia kwenye klarineti za dunia nzima na kwenye migongo ya magitaa ya bei mbaya, nao unakua polepole. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji wa msitu mwaka 2009, ili kijiji chenyewe kiamue upi ukatwe na kilipwe inavyostahili. Nani huko nje anajua jina la mwanakijiji aliyeuchagua mti? Hakuna. Ni walewale tu, wa Trentino, wa Washington, wa Kilwa.

Ubao ulio mbele ya gitaa lako ulianza kukua kabla babu wa babu yako hajazaliwa, na mtu fulani aliuchagua. Kuna wakati atakayekuja baada yetu ataingia msituni kuchagua na kukuta vichipukizi tu. Ndiyo maana gitaa zuri halitupwi. Linatengenezwa, linarithishwa.

Haya, uwanja ni wenu. Nani ana gitaa la mzee ndani? Chungulia ukingo wa tundu, halafu tuambie umeona nini.